Nafasi ya Haki Miongoni mwa Fadhila katika De Officiis ya Cicero

Maadili ya Kirumi yalipokea kutoka kwa Wayunani fadhila kuu nne, nazo ni hekima, haki, ushujaa na kiasi. Mintarafu ubora wa kila moja hapakuwa na ubishi. Ubishi ulizuka pale wajibu wa fadhila moja ulipokinzana na wajibu wa nyingine. Makala haya yanachunguza jinsi Cicero alivyolijibu swali hilo katika De Officiis, kazi aliyoiandika mwishoni mwa mwaka 44 K.K. na kuielekeza kwa mwanawe Marcus, aliyekuwa akisoma falsafa Athens. Julius Caesar alikuwa ameuawa mwezi Machi mwaka huo huo, na Cicero mwenyewe aliuawa Desemba ya mwaka uliofuata. Kazi hiyo, basi, ni zao la mvutano wa kuigombea dola.

Msomaji wa De Officiis hukabiliwa na kauli mbili zinazoelekea kupingana. Katika kitabu cha kwanza hekima inatajwa kuwa ndiyo inayoongoza fadhila zote. Katika kitabu cha tatu ni haki inayopewa cheo cha kimalkia. Ukinzani huu si wa bahati mbaya. Hekima anayoikusudia Cicero ni ujuzi wa mambo ya kimungu na ya kibinadamu, na ndani ya ujuzi huo umo ujuzi wa ushirika unaowaunganisha wanadamu. Kwa hoja hiyo, mwenye hekima ya kweli hutambua kwamba wajibu wake mkubwa kuliko wote ni ule unaotokana na ushirika huo, yaani wajibu wa haki. Hata mtu aliyezama katika uchunguzi wa nyota, asema Cicero, angeuacha mara moja iwapo nchi yake ingekuwa hatarini. Hekima inatangulia kwa hadhi; haki inatangulia kwa wajibu.

Hata hivyo, hoja hiyo ina pengo. Kwamba hekima inaujua ushirika wa wanadamu hakuthibitishi kwamba wajibu wa ushirika unauzidi wajibu wa kutafuta ujuzi. Nguvu ya msimamo wa Cicero inatoka kwingine, katika mjadala wake wa ushujaa. Neno la Kilatini virtus, linalotafsiriwa kuwa fadhila, linatokana na vir, mwanamume, na kwa muda mrefu lilihusishwa na sifa za vitani. Cicero anaishambulia mizizi hiyo: ushujaa usio na haki hauwi fadhila, bali ni ujasiri wa kihuni. Mfano wake ni Caesar, aliyevunja sheria zote kwa uchu wa ukuu. Hali kadhalika, Sulla na Caesar walipochukua mali za wenyewe na kuwagawia wengine, hawakuwa wakarimu, kwani hapana ukarimu pasipo haki. Hapa haki imekuwa kipimo cha fadhila nyingine, wala si mojawapo tu miongoni mwake.

Kwa mtafiti wa Kiswahili, lipo pia suala la istilahi. Haki katika Kiswahili hutaja zaidi kile anachostahili mtu, ilhali iustitia ni tabia ya mtu mwenyewe. Uadilifu, neno lenye asili ya Kiarabu katika mzizi unaohusu haki, limepanuka hata likamaanisha unyofu wa tabia kwa jumla. Inavutia kwamba upanuzi huo unalingana na dai la Cicero kuwa ni kwa ajili ya haki hasa ndipo watu huitwa wema.

Je, haki hushinda daima? Cicero anajiuliza iwapo ushirika utangulizwe hata mbele ya kiasi, naye anakataa. Yapo matendo machafu mno ambayo mwenye hekima hatayatenda hata kwa kuiokoa nchi. Posidonius alikusanya mifano mingi ya namna hiyo, ambayo Cicero anaona aibu hata kuitaja. Anaongeza tu kwamba mgongano huo hautatokea, kwa kuwa nchi yenyewe haitataka kutendewa hivyo. Cheo cha haki, kwa hiyo, kinabaki salama kwa dhana ambayo Roma ya wakati wake ilikuwa ikiikanusha kila siku.