Muhogo, Chumvi na Akili ya Mutoto Tumboni

Mama mwenye mimba, sikiliza. Shingoni mwako kuna tezi ndogo. Inatengeneza homoni yenye kujenga ubongo wa mutoto. Miezi mitatu ya kwanza, mutoto anategemea homoni ya mama tu.

Tezi inahitaji iyodi. Lakini muhogo muchungu usiotengenezwa vizuri una sumu. Mwilini sumu ile inageuka kitu chenye kuzuia iyodi isiingie katika tezi. Miaka ya 1960 waganga walichunguza jambo hili kisiwani Idjwi, katika Ziwa Kivu, kwa sababu watu wengi kule walikuwa na rovu.

Mama mwenye rovu anaweza kujisikia muzima, lakini mutoto anaweza kuzaliwa kiziwi, bubu, ao mwenye akili nzito. Si uchawi, wala si laana. Na akisha kuzaliwa vile, dawa hairudishi ubongo.

Basi, fanya hivi:

1. Menya muhogo, loweka siku tatu, kisha anika juani mpaka ukauke kabisa.
2. Nunua chumvi yenye iyodi. Ifunike vizuri.
3. Ukiona uvimbe shingoni, kuja kwetu mapema. Usingoje tumbo likue.