Mafuta ya Difu: Yasipungue, Yasizidi

Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, malori huyachukua majani mabichi katika vituo vya kununulia na kuyapeleka viwandani, kama vile Litein, Momul, Kapkoros na Mogogosiek. Majani yakikawia njiani hupata joto na kuharibika. Kwa hiyo lori likikwama, hasara humfikia mkulima pia, wala si mwenye lori peke yake.

Sehemu moja ya lori isahauliwayo mara nyingi ni difu, yaani ule uvimbe wa chuma ulio katikati ya ekseli ya nyuma. Ndani yake mna gia zinazopokea nguvu za injini na kuzigawia magurudumu. Gia hizo huzunguka katika mafuta mazito.

Mafuta yakipungua, gia na beringi hupata joto na kulika, na difu huanza kulia. Lakini asidhani mtu kwamba kuzidisha ndiko salama. Mafuta yaliyozidi huchapwa na gia yakafanya povu, na yakipata joto hutanuka. Yakikosa nafasi hupenya kwenye sili za magurudumu na kuzilowesha breki. Breki iliyolowa mafuta haishiki vema, na lori lenye shehena likiteremka mlima huwa hatari kwa watu wote walio njiani.

Basi kiasi kipi kinafaa? Kwa malori mengi, mafuta yafike ukingo wa chini wa tundu la kutilia, ila kitabu cha lori kikiagiza vingine, kifuatwe hicho.

Kwanza, dereva alisimamishe lori mahali tambarare, aweke kabari magurudumuni, na kungoja mafuta yapoe na kutulia. Kericho ni nchi ya vilima. Lori likisimama mteremkoni mafuta huegemea upande mmoja, na tundu laweza kuonyesha kwamba yamejaa kumbe yamepungua.

Pili, afute matope yote kabla ya kufungua kizibo, kwa kuwa mchanga ukiingia husaga gia.

Tatu, apime kwa ncha ya kidole. Yakiwa yamepungua, aongeze mafuta ya gia ya namna iliyotajwa katika kitabu, wala si ya injini, hata yaanze kuchuruzika. Ayaache yachuruzike mpaka yakome, ndipo afunge.

Nne, asafishe tundu dogo la kupumulia lililo juu ya ekseli. Likizibwa na matope, joto husukuma mafuta nje hata kama kiasi chake ni sawa.

Mafuta yakionekana meupe kama maziwa, maji yameingia: yamwagwe yote, yatiwe mapya. Na yakipungua kila mara, kuongeza tu hakutoshi. Fundi hana budi kutafuta yanapovujia, akianza na sili za magurudumu, kabla lori halijapakiwa tena.