Mkoko Upi? Majina ya Miti katika Somo la Uhifadhi wa Mazingira

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba somo la uhifadhi wa mazingira, liwe la maabarani au la nyanjani, hupungukiwa pale mwanafunzi anapokosa majina ya vitu anavyovipima. Hoja hii naijenga juu ya msitu wa mikoko wa Ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale, nilikoandamana na wanafunzi wa biolojia nikiwa mkalimani wao.

Nyanjani walitenga vipande vya mraba vya mita 10 kwa 10, wakahesabu miti na kupima vipenyo. Aghalabu kipenyo hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Mkoko, kwa kuwa husimama juu ya mizizi mirefu iliyotanuka, hupimwa sentimeta 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Hapo ndipo nilipoteleza. Katika kuwauliza wavuvi maswali ya wanafunzi, kila mti niliuita mkoko. Mzee mmoja akanikatiza: "Mwanangu, huo si mkoko, huo ni mchu. Mkoko una miguu."

Kuutumia mkoko kama jina la jumla si kosa. Hata mradi wa wanakijiji wa Gazi na Makongeni, ulioanza mwaka wa 2013, unaitwa Mikoko Pamoja. Lakini pwani ya Kenya ina spishi 9 za miti hii, na kila moja ina jina na mahali pake. Mlilana hukabili bahari. Mkandaa hupenda upande wa bara. Mchu huchomoza vipumulio vyembamba kama penseli, ilhali muia huikunja mizizi yake mithili ya magoti. Anayepanda mkandaa mahali pa mlilana hupoteza miche, hata akipanda kwa nia njema kiasi gani.

Ajabu zaidi ni majina ya ukubwa. Wakataji huanza na fito, kisha pau, mazio, boriti, nguzo hadi vigingi. Hivi si visawe; ni vipimo. Boriti, kwa mfano, huanzia takriban sentimeta 11.5 za kipenyo. Wanafunzi walikuwa wamefurahia wingi wa miti katika kipande kimoja. Mzee alitazama juu, akasema: "Miti imo, boriti hamna." Tulipolirudia daftari na kuvipanga vipenyo kwa madaraja hayo, pengo lilijitokeza: miti midogo tele, na mikubwa iliyopinda ambayo hakuna fundi aliyeitaka. Idadi pekee ilikuwa imetuficha ukataji wa kuchagua.

Hata hivyo, nisije nikadhaniwa kuidunisha maabara. Ipo elimu ambayo jicho la mvuvi haliifikii. Tope lile jeusi linalonuka mayai viza lilikaushwa, likapimwa uzito, likachomwa katika tanuri la nyuzi 450 na kupimwa tena. Uzito uliopotea hukadiria mabaki ya viumbe yaliyokuwamo, na kutokana nayo hukisiwa kiasi cha kaboni. Tope lililojaa maji halina oksijeni, kwa hiyo majani na mizizi huoza polepole mno na kaboni husalia humo kwa karne nyingi. Msitu ukifyekwa na tope likapata hewa, sehemu ya hazina hiyo hurudi angani. Nilipomweleza mzee haya alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama ndiyo sababu tope la mahali palipokatwa miti zamani halinuki tena kama lilivyonuka. Swali hilo liliandikwa daftarini, na sampuli za mahali hapo zikachukuliwa kesho yake.

Fomu ya nyanjani sasa ina safu mbili zaidi: jina la mti kwa Kiswahili, na daraja la ukubwa. Ripoti yenyewe, kwa masikitiko yangu, iliandikwa kwa Kiingereza na ndivyo ilivyopelekwa kijijini. Ninaitafsiri. Kurasa za miti zimekwisha upesi, kwani wenyeji walikwisha kunipa maneno yote. Zimebaki za tope.