SOMO: DAFTARI MOJA LA MAJINA KATIKA KOMPYUTA



Chama chenye kompyuta nyingi yakipasa kujua ni nani aruhusiwaye kuzifungua. Leo tuazime mfano wa bara. Mwankoko ni kata ya Manispaa ya Singida, na visima vyake virefu hupeleka maji mjini. Tuseme kampuni ina mafundi Mwankoko na makarani mjini, na kila kompyuta ina orodha yake ya majina na maneno ya siri. Fundi akiacha kazi, afutwe katika kompyuta zote. Ikisahauliwa moja tu, mlango u wazi: leo atasoma barua, kesho ataandika malipo yasiyokuwapo.

Dawa yake ni daftari moja, ambalo kompyuta zote huliuliza. Kanuni ya kuuliza huitwa LDAP. Ilitangazwa mwaka 1993, na Tim Howes wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alikuwa mmoja wa watungaji wake. Programu ya OpenLDAP, iliyoanza mwaka 1998, yapatikana bila malipo.

Daftari hili hupangwa kama mkarafuu: shina ni kampuni, kisha matawi, na majani ni watu. Jina kamili husomwa kutoka jani kurudi shinani. Wengi hufanya kila ofisi kuwa tawi. Mimi sipendi, kwani mtu akihamishwa kutoka Mwankoko kwenda mjini jina lake kamili hubadilika, na ruhusa zake hupotea njiani. Afadhali watu wote wakae tawi moja, kila mmoja kwa namba yake ya kazi, na ofisi iandikwe kama sifa yake tu. Ruhusa wapewe vikundi, si mtu mmoja mmoja.

Angalieni pia njia. Katika mlango 389, pasipo usimbaji wa TLS, neno la siri hupita kama barua isiyo bahasha.

Na waya wa mjini ukikatika? Nakala ya daftari iwekwe Mwankoko. Lakini nakala huiga hata makosa: jina likifutwa mjini kwa bahati mbaya, hufutika na huko. Basi kila usiku daftari liandikwe katika faili na kuhifadhiwa mbali.

Siku ya kujaribu, ng'oeni waya wa mjini, fundi wa Mwankoko ajaribu kuingia. Akikataliwa, kompyuta yake bado yauliza mjini tu. Ipewe na anwani ya nakala.