Mgeni wa Siku ya Tatu



Vijana wenzangu, somo la leo limeletwa na kijana mmoja wa kigango chetu huku Nkoaranga. Alinitumia ujumbe wa sauti baada ya kusikia tangazo la mchango kwa ajili ya wakimbizi na wahamiaji, ambao Kanisa linawaombea kwa namna ya pekee kila Jumapili ya mwisho ya Septemba. Nimemwomba ruhusa niliandike swali lake hapa. Anasema: “Frateri, mimi mwenyewe nalala chumba kimoja na wadogo zangu wawili, na kodi imeisha. Mwenye nyumba anapita mlangoni kila asubuhi. Sasa naambiwa nimchangie mgeni wa Kigoma ambaye sijawahi kumwona. Damu yangu kwanza, au siyo?”

Kiukweli nililipenda swali hili. Ni rahisi kumjibu mtu kwa kumtisha na Mathayo 25, kwamba usipompokea mgeni utapelekwa upande wa kushoto. Maneno ya Yesu ni ya kweli, lakini tukiyatumia kumnyamazisha mtu mwenye njaa tunayageuza kuwa fimbo. Kijana anauliza jambo ambalo Kanisa limelifikiria kwa karne nyingi: upendo una mpangilio au hauna?

Mtakatifu Thomas wa Akwino anajibu kwamba unao. Katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 26, anakubali wazi kwamba tunawajibika zaidi kwa walio karibu nasi: wazazi, ndugu, watu wa nchi yetu. Kwa hiyo kijana wetu hajasema uzushi. Tatizo ni kwamba wengi wanaomnukuu Thomas wanaishia hapo. Ukiendelea hadi swali la 31, kifungu cha 3, utakuta anasema kwamba ukaribu siyo kipimo pekee, uzito wa shida nao hupimwa. Inaweza kutokea kwamba mgeni aliye katika shida ya kufa na kupona asaidiwe kabla ya baba yako mzazi, ikiwa shida ya baba siyo kubwa kiasi hicho. Kwa hiyo uamuzi unataka busara, kuangalia ni nani anaumia, kiasi gani, na ni nani mwingine anayeweza kumsaidia. Mwezi Februari 2025 Papa Fransisko aliwaandikia maaskofu wa Marekani kuhusu jambo hili hili, akawaelekeza kwa Msamaria Mwema (Lk 10). Msamaria hakumwacha mtu wa barabarani ili awahi kwa watu wa nyumbani kwake, wala hatusomi popote kwamba aliitelekeza familia yake.

Kwa hiyo kwa kijana wangu nasema: kama kweli huna kodi, wewe ndiye wa kusaidiwa, na jumuiya yako ina deni kwako. Usione aibu kusema. Lakini usikimbie, kwa sababu kuna vitu ambavyo mgeni anavihitaji na wewe unavyo hata bila hela. Nitafika huko.

Kwanza tushuke kidogo mlimani.

Ukitoka Nkoaranga kuelekea barabara kuu ya Moshi na Arusha, Tengeru haiko mbali. Wengi wetu tunapajua kwa soko lake na Ziwa Duluti. Lakini ndani ya eneo la chuo cha mifugo kuna makaburi karibu 150 yenye majina ambayo ulimi wetu unayashindwa. Ni Wapolandi. Baada ya nchi yao kuvamiwa mwaka 1939, Warusi wa wakati ule waliwasomba mamia ya maelfu ya watu hadi Siberia na Kazakhstan. Walipoachiwa, sehemu yao ilipitia Iran, na kuanzia mwaka 1942 Waingereza waliwasambaza wengi katika makoloni yao ya Afrika. Kambi zilikuwa Masindi na Koja kule Uganda, Ifunda na Kidugala huku kwetu, na iliyokuwa kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, yenye watu kama 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Walijengewa nyumba za duara zilizoezekwa kwa nyasi. Wakawa na kanisa, shule, hospitali na mashamba. Hao waliolala pale ni Wakatoliki wengi, na wamo pia Waorthodoksi na Wayahudi.

Jamani, tumezoea kuambiwa kwamba mkimbizi ni Mwafrika anayegonga mlango wa Ulaya. Hapa kwetu mzungu alikuwa mkimbizi, na udongo wa Meru ndio uliompokea.

Vita ilipokwisha, wengi hawakuwa na pa kurudi. Walioumia zaidi ni yatima. Padre Lucjan Królikowski, Mfransisko ambaye mwenyewe alikuwa amepelekwa Siberia akiwa mtawa kijana, aliwachukua watoto karibu 150 kutoka Tengeru na mwaka 1949 akawafikisha Kanada. Serikali ya kikomunisti ya Poland ililalamika kwamba watoto wake wameibwa. Padre akaendelea kuwa baba yao mpaka wakakua, wakasoma, wakajitegemea. Alifariki mwaka 2019 akiwa na umri wa miaka 100. Ninapowaza kuhusu upadre mbele yangu namkumbuka huyu, kwa sababu kazi yake haikuisha pale meli ilipotia nanga.

Sasa ukurasa wa pili, ambao Wameru tunaujua nyumbani kuliko shuleni. Serikali ile ile iliyowajengea Wapolandi nyumba Tengeru, Novemba 1951 iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kule Ngare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wa kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Watu wa mlimani wakachanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika New York kuzungumza mbele ya Umoja wa Mataifa. Hawakushinda pale pale, ila dunia ilisikia. Nisieleweke vibaya: mama wa Kipolandi hakuwa adui wa Mmeru, maana naye alishapoteza nyumba. Ninachotaka uone ni kwamba watu wa mlima huu wanajua maana ya kuona paa lako linaungua na wewe umesimama na mtoto mgongoni. Mungu anapowaambia Waisraeli wampende mgeni (Law 19:34), sababu anayowapa ni kumbukumbu: nanyi mlikuwa wageni kule Misri. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali hadi Misri.

Na leo? Kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani, na baadaye wakaingia Warundi. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule ni mtu mzima sasa, labda na watoto wake wamezaliwa humo humo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka akae katika eneo alilopangiwa, na hatoki bila kibali. Kazi pia ina kibali chake. Mwaka 2023 fedha za wahisani zilipopungua, mgao wa chakula ulishushwa hadi nusu ya unaotakiwa.

Hapo ndipo methali yetu inaponisumbua. Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengine huitumia kumfukuza mgeni, lakini isome vizuri: inasema mpe jembe, haisemi mfungie mlango. Inachekesha kwamba Didake, mafundisho ya Wakristo wa mwanzo kabisa, yanaagiza karibu hivyo hivyo katika sura ya 12: mpita njia akae siku mbili au tatu, na akitaka kuhamia kwenu, kama ana ufundi, afanye kazi ale. Jembe ni heshima. Na nchi yetu iliwahi kulitoa kweli. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa mashamba Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na ndani ya miaka ya 1980 walikuwa wanajilisha na kuuza ziada. Mwaka 2014 zaidi ya 162,000 kati yao na watoto wao wakapata uraia wa Tanzania. Serikali ina haki ya kuweka utaratibu wa wageni, na mgeni ana wajibu wa kutii sheria za nchi. Katekisimu namba 2241 inasema yote mawili. Lakini mtu wa siku ya tatu akinyimwa jembe kwa miaka 20, halafu tukamwita mvivu, hapo tunamsingizia.

Turudi Arusha mjini na Usa River, maana huko ndiko wewe na mimi tunakutana na hawa watu. Namfahamu baba mmoja, raia halali, mwana wa wakimbizi wa 1972, aliyekuja kutafuta kibarua kwenye mashamba ya maua. Kazi alipata. Chumba ndicho kilimshinda. Madalali walimzungusha, na mwenye nyumba mmoja alipomsikia lafudhi yake akataka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, wakati wapangaji wengine walilipa miezi mitatu. Vijana wa VIWAWA wa pale walichanga, wakapata kidogo tu. Kilichofungua mlango ni kwamba katekista na vijana wawili walikwenda kwa mwenye nyumba, wakakaa, wakanywa chai, wakasema: “Mzee, shikamoo. Huyu ni wa jumuiya yetu. Akikukimbia, sisi unatujua tunapokaa.” Yule mzee akakubali miezi mitatu.

Fungua Waraka kwa Filemoni, ni mfupi, utaumaliza kabla daladala haijajaa. Onesimo ni mtu asiye na mahali pa kusimama. Paulo, mfungwa asiye na kitu, anamwandikia Filemoni ampokee kama ambavyo angempokea Paulo mwenyewe, na kama kuna deni liandikwe kwake (Flm 17-19). Paulo hakutuma hela, alitoa jina lake. Maskini naye ana jina, na kijana wangu mwenye chumba kimoja analo, tena ni jina safi mtaani kwake.

Kwa wiki hii nawapa kazi tatu za kwenda nazo jumuiyani. Ulizeni nani kati yenu, mwenyeji au mgeni, yuko karibu kutolewa nje kwa kodi. Anzeni na huyo, hata kama ni aliyeuliza swali. Mkikutana na mtu aliyekimbia nchi yake na hana karatasi, msimfiche na msimwuze kwa maneno ya mtaani. Mfikisheni kwa Paroko na watu wa Caritas, wamsindikize hadi kwenye ofisi za serikali zinazohusika, asiende peke yake. Na kama mko jirani na Tengeru, pangeni siku kabla ya Novemba, mwezi wa marehemu. Ombeni ruhusa getini kwa adabu, mwende na fagio na rozari. Majina mtayasoma kwa shida. Yasomeni tu, moja moja, kwa sauti.