RAMADHANI, SIKU YA 11: Midomo ya jani



Jana baada ya Dhuhri mdogo wetu mmoja anayelima Tengeru alinishika mkono: “Ustadh, migomba yangu ikifika saa 7 inakunja majani kama mwavuli, jioni inakunjua yenyewe. Ugonjwa gani huu?” Alishaulizia bei ya dawa dukani.

Si ugonjwa. Jani lina vitundu vidogo mno, jicho halivioni, vingi vikiwa upande wa chini. (Kwenye mbuni viko chini tu.) Kila kitundu kina seli mbili zilizokaa kama midomo. Zikijaa maji zinavimba na kupinda, mdomo unafunguka. Maji yakipungua zinalegea, unajifunga. Hapo ndipo jani linapovuta hewa ukaa, malighafi ya chakula chake, na kutoa oksijeni.

Shida ni kwamba mlango ni huo huo mmoja. Ukifunguka ili jani lile, maji nayo yanatoka kama mvuke. Zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayonyonywa na mizizi huishia hewani. Anayebisha avike mfuko wa mkate kwenye tawi la majani asubuhi, aufunge. Mchana atakuta matone ndani.

Basi jua la saa 7 likishinda maji yaliyopo ardhini, mgomba unafunga midomo na kukunja jani lisipigwe lote. Njaa inaingia, lakini jani halikauki. Nikamwambia aweke matandazo shinani na amwagilie alasiri jua likipoa. Kama hata alfajiri majani bado yamekunjwa, hapo ahangaike, maana ardhi imekauka kweli au mizizi ina tatizo.

Sasa toka kwenye ubichi wa Meru ushuke nchi kavu ya Kisongo, utazame mkonge. Ule kawaida yake ni kufunga midomo mchana na kufungua usiku, mwaka mzima! (Silinganishi na swaumu yetu, sisi tuna nia, na nia ndiyo ibada.) Usiku unavuta hewa na kuiweka akiba kama asidi, ile ile inayofanya epo bichi liwe kali. Mchana, mdomo ukiwa umefungwa, jua linaigeuza akiba ile kuwa sukari. Mshubiri na nanasi ni hivyo hivyo. Mwaka 1813 Benjamin Heyne, aliyekuwa India, aliandika kwamba majani ya mmea mmoja wa namna hii ni machachu asubuhi, na kufika adhuhuri hayana ladha. Alijua kwa kuyatafuna tu.

Gharama ipo: akiba ya usiku ni ndogo, hivyo mkonge hukua polepole, miaka kama mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza. Lakini ukame unaoua mahindi ya jirani, wenyewe unaupita.

Leo saa 11 jioni mdogo wetu kanitumia picha, majani yamefunguka. Pesa ya dawa kanunulia tende.

Futari njema.