Mjane, Deni na Mlango Uliofungwa

Somo: 2 Wafalme 4:1-7

Jumapili tulijifunza habari za mjane aliyemlilia nabii Elisha. Ninaandika hapa kwa ufupi kwa ajili ya wale ambao hawakuwepo, na hata kwa wale waliokuwepo lakini mawazo yalikuwa kwa karo ya muhula.

Mume wa huyu mama alikuwa katika kundi la wanafunzi wa manabii. Mjane anamkumbusha Elisha kwamba yeye mwenyewe anajua jinsi marehemu alivyomcha Mungu. Na bado alikufa akiacha deni, na mdai amekuja kuchukua wavulana wawili wawe watumwa. Tusimame hapo kidogo. Mtu wa maombi alikufa na deni! Kwa hivyo ukisikia ati jirani amefungiwa nyumba kwa sababu kuna dhambi anaficha, mrudishe huyo msemaji kwa mstari wa kwanza wa sura hii. Shida ikiingia nyumbani, haimaanishi Mungu ametoka.

1. Alisema shida yake

Hakuja na ile yetu ya "niombee tu, mtumishi, Mungu anajua." Alitaja deni, akataja mdai, akataja watoto. Sisi tunaficha. Kuna baba ana mikopo mitatu ya simu na mkewe hajui hata mmoja. Imani haikumfunga mjane mdomo. Imani ndiyo iliyompeleka kwa mtu wa Mungu.

2. Alihesabu kilichobaki

Elisha alimuuliza nyumbani kuna nini. Hakukuwa na kitu ila chupa ya mafuta. Mimi nilisomea biashara, na mapema kabisa tulifundishwa kuandika mali upande mmoja na madeni upande mwingine. Mtu aliyebanwa huona upande mmoja tu.

Baba yetu alipofariki, bili ya hospitali ilizidi akiba yetu sote, na mwili haungetolewa bila malipo. Tuliomba. Kisha dada yangu mkubwa akachukua daftari la shule, akagawa ukurasa katikati. Kushoto akaandika bili. Kulia: ng'ombe mmoja, magunia manne ya mahindi, cherehani ya mama, na watu ambao baba aliwahi kuwasaidia. Mama ndiye aliyetaja hao watu, mmoja mmoja. Tukawapigia simu. Wengine walitoa, wengine wakakubali kutuwekea dhamana. Deni lilituchukua miezi kumi na moja kumaliza, lakini usiku ule mama alilala usingizi kwa mara ya kwanza tangu msiba.

3. Alibisha milango, kisha akafunga wake

Mafuta yalikuwa yake, lakini vyombo vilikuwa vya majirani, na aliambiwa asiazime vichache. Halafu akafunga mlango, yeye na wanawe. Wale wale watoto ambao mdai aliwataka ndio waliomletea vyombo akamimina. Vyombo vilipoisha, mafuta yakakoma. Ndugu, kuna wakati wa kubisha kwa jirani na wakati wa kukaa na familia yako mbele za Mungu. Usiwaache watoto nje ya mlango. Wanajua kuna shida. Wape pia nafasi ya kushika chombo.

4. Alilipa

Wengi wetu tunaomba Mungu amfanye mdai asahau. Elisha alimwambia mjane auze mafuta, alipe deni, ndipo yeye na wanawe waishi kwa yatakayobaki. Muujiza haukufuta deni. Ulimpa mama huyu uwezo wa kulilipa, akatembea kijijini bila kujificha.

Zoezi la wiki

Keti na mwenzi wako, au na mtu mmoja unayemwamini, mgawe ukurasa katikati. Muombe kabla ya kuandika na baada ya kuandika.

Kwa ushirika wa nyumbani

Ni jambo gani linalotufanya tuone aibu kusema shida zetu hapa kanisani? Na je, kuna jirani anayehitaji chombo ambacho kimekaa bure nyumbani kwako?

Tuombe

Baba, tupe ujasiri wa kutaja deni letu, macho ya kuona chupa iliyobaki, na majirani wenye vyombo. Linda watoto wetu. Katika jina la Yesu, amina.

Mchungaji Msaidizi